Bolti za kutu kwenye Landrova ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kuifumua Landrova 109 ya mwaka 1976 hapa Tanga, watu wananiuliza kuhusu bolti kuliko kuhusu injini au rangi. Ni haki yao. Gari iliyokula upepo wa bahari miaka zaidi ya arobaini haikusumbui kwanza kwenye injini. Inakusumbua kwenye bolti ya kwanza ya madigadi, asubuhi ya kwanza, kabla chai haijapoa. Majibu haya nimeyaandika kwa Landrova za Series, yaani mifano ya zamani kabla ya Defender kama hii yangu, lakini mengi yanafaa pia kwa Land Cruiser za zamani, Bedford, Peugeot 504 na trekta la shambani.

Kwa nini nihangaike kusafisha bolti kuukuu? Si ninunue mpya?

Ukizipata zilizo sahihi, nunua. Shida iko hapo kwenye "sahihi". Landrova Series II na III zimefungwa kwa sehemu kubwa na bolti za inchi zenye hesi (ile mistari ya kuzunguka inayoshika nati) nyembamba, zinazoitwa UNF. Ukienda Gerezani Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan, utakuta bolti za milimita kwa ndoo. Za UNF utazitafuta duka kwa duka.

Hatari ni kwamba zinafanana sana. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ile ya milimita iitwayo M8 ina milimita 8. Ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Lakini 5/16 UNF ina hesi 24 kwa kila inchi, na M8 ya kawaida ina 20 na kidogo. Ukiilazimisha M8 kwenye nati ya 5/16, itaingia mzunguko mmoja au mmoja na nusu, halafu itang'ang'ana. Mtu mwenye haraka hudhani ni kutu, anaongeza nguvu, na hesi za nati zinafutika.

Mimi yalinikuta. Muuza duka mmoja aliniambia "ni zilezile, fundi", nami nikamwamini. Nikaikaza kwenye nati iliyochomelewa ndani ya ukuta wa mbele, ule unaobeba bawaba za milango. Nati ile haikutoka tena kwa spana. Nililazimika kukata bati, kuitoa, kuchomelea nyingine na kupaka rangi upya: siku mbili kwa bolti moja. Tangu siku hiyo bolti ya asili ninaitunza.

Kuitambua bolti ya asili si vigumu. Nyingi zina viduara vidogo vilivyoshikana pembeni mwa kichwa, au kishimo cha mviringo juu yake. Pima pia kwa spana. Kichwa cha 5/16 UNF kinataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, lakini inacheza, na mchezo huo mdogo ndio unaokula pembe za kichwa.

Bolti imeganda kabisa. Nianzie wapi?

Anza na brashi ya waya, si spana. Safisha hesi zilizochomoza nje ya nati mpaka uone chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo usipoiondoa hiyo ya nje, nati italazimika kupita juu yake na itakwama hata kama mwanzo wake umelegea.

Halafu weka mafuta ya kupenya, na uyape muda. Si dakika tano. Weka jioni, weka tena asubuhi, weka tena jioni. WD-40 inasaidia kidogo, ila jina lake lenyewe linatokana na kazi ya kufukuza maji. Kupenya kutu siyo sifa yake kubwa. Mafundi wengi tunachanganya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Ni mchanganyiko mzuri sana, ila unashika moto upesi, kwa hiyo usiutumie siku hiyohiyo unayopanga kuwasha gesi. Kama huna hata hivyo, dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo yatafanya kazi ukiyapa siku tatu.

Ukija kufungua, tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, na spana malaya iache kwenye boksi. Igonge bolti kichwani kwa nyundo mara kadhaa, mapigo mafupi makavu. Kisha ikaze kidogo kabla ya kuilegeza. Ndiyo, ikaze. Ukisikia imesogea hata nywele, umeshinda: rudisha nyuma, ongeza mafuta, kaza tena, rudisha. Enda hivyo mbele na nyuma mpaka itoke.

Na sikiliza. Bolti inayoachia hulia, "krii", kwa ukali, na mkono unahisi mtikiso. Bolti inayotaka kukatika hailii. Inakuwa laini, spana inazunguka kama unakaza mpira. Ukihisi ulaini huo, simama palepale. Bado unaweza kuiokoa kwa moto.

Moto nautumia vipi bila kuharibu gari?

Pasha nati, usipashe bolti. Nati ikipanuka, ile kutu katikati inapasuka. Haihitaji kuwa nyekundu kila mara. Mara nyingi kuipasha vizuri, kuiacha ipoe kidogo na kuigusisha mshumaa ili nta inywewe ndani ya hesi kunatosha.

Lakini bodi ya Landrova ni alumini, na alumini haikuonyi. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 bila kuwa nyekundu. Unaitazama ikiwa nyeupe vilevile, kisha inadondoka. Kwa hiyo karibu na madigadi na milango, mimi situmii gesi kabisa. Nakata nati kwa msumeno wa chuma au kwa grainda yenye diski nyembamba.

Kuna sehemu tatu nyingine ambazo moto haupaswi kufika: karibu na tangi na mabomba ya petroli, karibu na mabomba ya breki, na karibu na bushi za mpira. Bolti iliyopakwa zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana, basi kaa upande upepo unakotoka. Na kama umesafisha sehemu kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki, usichomelee hapo mpaka ikauke kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto wa weldingi hutoa gesi ya sumu kali.

Bolti za springi nimezilegeza nati lakini zenyewe hazitoki. Nipige nyundo?

Usipige. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye Landrova za Series. Bolti inayopita kwenye vile vibao viwili vinavyoning'iniza springi haishikiliwi na nati peke yake. Kibao kimoja kina hesi ndani yake, na nati ya nje ni ya kufungia tu. Kwa hiyo hata nati ikitoka, bolti bado imefungwa kwenye kibao. Inabidi uizungushe kwa kichwa mpaka itoke kwenye zile hesi. Ukiipiga nyundo unafuta hesi za kibao na unapanua ncha ya bolti kama uyoga.

Kama hata kuzunguka haizunguki, basi imeshikana na bomba la chuma lililo katikati ya bushi. Maji ya chumvi huingia humo na hayana pa kutokea. Wakati mwingine bolti inazunguka pamoja na bomba lake ndani ya mpira, unazungusha siku nzima na haisogei upande wowote. Hapo usipoteze siku. Pitisha blade ya msumeno au diski ya grainda kati ya kibao na springi, kata upande huu, kata upande huu, toa springi, kisha shughulika na bushi mezani. Bolti hizo hazirudi kwenye gari kwa vyovyote vile, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Imekatika. Sasa?

Ikibaki shina linalochomoza, weka nati juu yake na uichomelee kwa ndani. Ule moto wa weldingi unafanya nusu ya kazi, na nati mpya inakupa pa kushikia. Subiri wekundu uishe, zungusha taratibu.

Ikikatika sawa na uso, piga alama katikati kwa senta panchi. Katikati kabisa. Toboa kwa keekee ndogo, kisha kubwa kidogo. Vile vifaa vya kung'olea vyenye hesi za kushoto vinauzwa kila mahali, lakini ni vigumu kama kioo: kikikatikia ndani ya shimo, keekee ya kawaida haikitoboi. Mimi nikiona shina halisogei, naendelea kutoboa mpaka ukuta wa bolti unabaki mwembamba, nauchokoa kwa tindo ndogo, kisha nasafisha hesi kwa tepu (chombo cha kuchongea hesi ndani ya shimo) ya saizi yake.

Zimetoka. Nizisafishe kwa kitu gani?

Kwanza ondoa grisi na oili kwa mafuta ya taa, kisha osha kwa sabuni. Asidi haipenyi grisi, na watu wengi wanailaumu siki bure kwa sababu ya hatua hii waliyoiruka.

Kwa bolti za bodi, siki nyeupe inatosha. Ya dukani huwa na asidi takriban asilimia 5. Zizamishe usiku kucha kwenye chombo cha plastiki. Asubuhi kutu imegeuka matope meusi, unaisugua kwa brashi ya waya inatoka. Zilizokula kutu sana ziongezee usiku wa pili, lakini usizisahau wiki nzima: kutu ikiisha, siki inaanza kula chuma. Asidi ya sitriki ya unga inafanya kazi hiyohiyo. Bibi zetu huku pwani walisugua madele ya kahawa na sinia za shaba kwa ukwaju na ndimu, na kanuni ni ileile, asidi laini inayotoa kutu na kuacha madini. Nilijaribu ukwaju kwenye skrubu za dashibodi. Unafanya kazi, ila polepole, na siki ni rahisi kuipata safi.

Molasi naipenda kwa vitu vikubwa: nati za magurudumu, mabano, hata kibao kizima cha springi. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, wiki moja mpaka tatu. Haili chuma kizima, inachukua kutu tu. Ila usiweke alumini wala kitu chenye zinki unachotaka kukitunza. Usifunge kifuniko kwa nguvu, kwa sababu inachacha na kutoa gesi. Na iweke mbali na nyumba; kwenye joto la Tanga harufu yake majirani wataijua siku ya nne.

Njia ya tatu ni umeme, na ndiyo ninayoitumia kwa bolti ambazo alama za kichwani ninataka zibaki zikisomeka. Unahitaji ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya volti 12 na magadi. Magadi yaleyale ya sokoni ya kulainishia maharage, yanayotoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi, yanafaa: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Zifunge bolti kwa waya wa shaba uliomenywa, kila moja iguse waya, na uziunganishe na upande hasi. Upande chanya uunganishe na kipande cha nondo kilichozama pembeni bila kugusana na bolti. Washa. Utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye bolti, na baada ya saa chache povu la kahawia juu. Kutu inabaki matope meusi unayoyafuta kwa brashi ya meno.

Uzigeuze pande hizo mbili na bolti zako ndizo zitakazoliwa. Viputo ni haidrojeni, kwa hiyo fanyia nje, mbali na sigara na cheche, na zima chaja kabla ya kugusa waya. Usiongeze chumvi ya mezani, itatoa klorini. Magadi ya ziwani nayo yana chumvi kidogo, sababu nyingine ya kukaa nje. Badala ya nondo usiweke stenlesi: maji yatabaki na kromiamu yenye sumu ambayo huwezi kuimwaga popote kwa dhamiri safi. Chaja za kisasa zenye akili mara nyingi hazitoi umeme bila kuona betri. Tafuta ile ya zamani, nzito, yenye mshale.

Fundi wangu anatumia asidi ya betri. Inafanya kazi kwa dakika kumi. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Asidi kali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu, hasa bolti zenye alama ya ugumu 10.9 au 12.9 kichwani, kinakuwa kama biskuti. Bolti inaonekana inang'aa. Unaikaza, inakaa. Saa kadhaa au siku kadhaa baadaye inakatika yenyewe, bila kupinda kwanza, bila onyo. Hali ni hiyohiyo kwa asidi ya kusafishia vigae, na mvuke wake unashikisha kutu zana zote za gereji. Bolti za ugumu huo nazisafisha kwa brashi ya waya tu. Hata kwenye umeme siziweki.

Nikizitoa kwenye siki zinashika kutu tena ndani ya saa moja.

Ni kawaida, chuma kiko uchi. Zisuuze kwa maji yenye soda ya kuumulia mikate ili asidi iishe, halafu zimwagie maji ya moto sana. Zikiwa na joto hilo zinakauka zenyewe. Zitie kwenye oili papohapo.

Zipi zirudi kwenye gari na zipi nitupe?

Ningependa swali hili liulizwe kabla ya mengine yote, kwa sababu jibu lake halitokani na wingi wa kutu. Linatokana na kazi ya bolti.

Bolti inayoshika madigadi ikikatika barabarani, madigadi yatapiga kelele. Bolti inayoshika usukani ikikatika kwenye miteremko ya Lushoto, hakuna atakayerudi kueleza. Kwa hiyo za usukani, breki, mikanda ya viti, vile vyuma vya umbo la U vinavyofunga springi kwenye ekseli, na studi za magurudumu, nanunua mpya hata kama za zamani zimetoka safi. Ikibidi kuziagiza na kusubiri mwezi, gari inasubiri mwezi. Nati zenye pete ya nailoni nazo ni za mara moja, na kota pini vilevile.

Zilizobaki zichunguze moja moja mchana, si chini ya taa. Zungusha nati kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati na hesi ni safi, huenda bolti imevutika. Iweke kando ya bolti mpya, hesi kwa hesi, uzitazame kwenye mwanga. Hesi za iliyovutika hazitalala sawa na za mwenzake. Itupe. Tazama shingo chini ya kichwa: vishimo vya kutu hapo ni vibaya kuliko popote, kwa kuwa ndipo mzigo unapokusanyika. Nikiingiza ncha ya kucha kwenye kishimo, bolti hiyo haifungi kitu kizito.

Soma pia kichwa. Kwa bolti za milimita, namba 8.8 ni ya kazi za kawaida za chasisi, 10.9 ni ngumu zaidi. Isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa laini.

Hesi zimeumia kidogo. Zinatengenezeka?

Zikiwa zimejikunja mwanzoni tu, ndiyo. Tumia tupa ndogo ya pembe tatu, kisha dai (chombo cha kuchongea hesi za bolti) ya saizi yake yenye oili. Kwa nati iliyo ndani ya chasisi, chukua bolti nzuri ya saizi hiyohiyo, ichane mifereji miwili au mitatu kwa msumeno kufuata urefu wake, na uiingize polepole na oili. Mifereji inakusanya uchafu. Inasafisha bila kukata chuma kipya, jambo ambalo tepu kali haiwezi kukuahidi.

Nizipake nini zisirudie kutu?

Ukipata karakana ya kupaka zinki kwa umeme, hiyo ni bora kwa bolti za kawaida, tabaka ni jembamba na hesi zinapita. Usipeleke bolti za hesi nyembamba kwenye zinki ya kuchovya ya moto. Tabaka lake ni nene na nati hazitaingia.

Nyumbani, ipashe bolti ya kawaida mpaka igeuke rangi ya bluu, kisha ichovye kwenye oili. Inatoka nyeusi, nzuri kuitazama. Usiifikishe kwenye wekundu, utaulegeza ugumu wake, na bolti za 10.9 kwenda juu usizipashe kabisa. Weusi huo peke yake hauzuii chumvi, unahitaji oili au nta juu yake.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya shaba kwenye hesi. Kumbuka kwamba hesi yenye grisi inateleza: ukikaza kwa torki spana (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha hesi kavu, unaivuta bolti kupita kiasi. Mimi napunguza takriban robo.

Kwa nini nisifunge stenlesi gari zima?

Kwa sababu ya ule unga mweupe unaouona kuzunguka bolti za bodi. Waingereza walitumia alumini mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na tangu hapo kila bolti ya chuma kwenye bodi hiyo ni betri ndogo: madini mawili tofauti na maji ya chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Stenlesi inaizidisha betri hiyo. Tena stenlesi ya kawaida haifikii nguvu ya 8.8, na hesi zake zikikazwa kavu hushikana zenyewe.

Weka washa ya nailoni au ya mpira kati ya bolti na alumini, paka grisi shimoni, na funga bolti yenye zinki. Mvua za masika zikiisha, pita na spana, fungua mbili tatu upande unaopigwa na upepo wa bahari, uone kama unga umeanza.